Umebeba Nini?

Swali la kwanza nililoulizwa Kashozi nikiwa juu ya baiskeli halikuwa habari ya asubuhi. Lilikuwa, "Umebeba nini?"

Aliyeuliza ni mzee mmoja aliyesimama kwenye njia ya kuingilia kibanjani kwake, jembe begani, saa kumi na mbili na nusu, ukungu bado umelala juu ya migomba. Mimi nilikuwa nahema, jasho linaingia machoni, siwezi hata kumwamkia vizuri. "Sijabeba kitu, babu. Nafanya mazoezi."

Akaitazama baiskeli mbele na nyuma. Akatafuta keria, hakuiona. "Unatoka wapi?"

"Nyumbani. Nimeshuka mjini, sasa narudi nyumbani."

"Mjini ulifuata nini?"

"Sikufuata kitu."

Mzee hakuongeza neno. Aliniaga kwa sauti ya chini, kama anavyoagwa mtu aliyefiwa.

Nimelibeba swali lile mwaka mzima sasa, na leo nataka kuliandika, kwa sababu zimebaki wiki tano kabla sijaenda kwenye mbio ambazo sijui kama nitazimaliza.

Kwa asiyefahamu kwetu: Kashozi iko kaskazini mwa mji wa Bukoba, juu ya mgongo wa kilima. Wamisionari wa Afrika, hao tunaowaita White Fathers, walifungua misheni yao hapa mwaka 1892, na hadi leo ukimwuliza mtu njia atakuelekeza kwa kutumia kanisa. Chini kuna Ziwa Viktoria, ambalo lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka ziwani kuja kwetu unapanda. Hakuna ujanja mwingine. Mvua nayo haituachi. Bukoba ni moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na udongo wetu mwekundu ukilowa unashika tairi kama mtoto anayelilia kubebwa.

Mimi ni mwandishi wa habari, nina miaka thelathini na sita. Nilikaa Dar es Salaam miaka tisa, chumba cha habari, foleni, chai ya rangi saa nne usiku. Miaka miwili iliyopita baba yangu alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala pamoja na sehemu kubwa ya maneno yake. Mama alishatangulia. Kaka zangu wana kazi zisizohamishika. Yangu, wakasema, inahamishika, si ni kuandika tu? Basi nikahama. Gazeti likakubali niwe mwakilishi wa Kagera, kwa malipo ya kila habari inayotoka. Mume wangu yuko Mwanza kikazi, anakuja mwisho wa mwezi. Binti yetu ana miaka saba na anasoma hapa hapa kijijini.

Baiskeli nilimnunua Mwanza mtu aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao Ulaya. Ni ya milimani, ina shokapu mbele, gia nyingi, tairi nene zenye meno. Kujiandikisha kwenye mbio ni jambo jingine, na hilo nililifanya usiku, saa nane, nikiwa kwenye benchi la wodi ambamo Baba alikuwa amelazwa kwa mara ya pili. Nilikuwa napekua simu ili nisilale. Nikakutana na picha za K2N, mbio za baiskeli za milimani za siku kadhaa, kutoka Kilimanjaro hadi Ziwa Natron. Vumbi, miiba ya migunga, na mbele kabisa mlima Ol Doinyo Lengai umesimama peke yake kama pia iliyopinduliwa. Siwezi kusema nilifikiri. Nilikuwa na miezi kumi sijafanya jambo lolote ambalo halikuombwa na mtu mwingine. Nikajaza jina langu.

Mpango wa mazoezi niliupakua kwenye intaneti. Wiki kumi na sita, saa nane kila wiki. Kanuni yake ni nyepesi kuielewa. Muda mwingi uendeshe taratibu, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea, ili moyo na miguu vizoee safari ndefu. Mara moja au mbili kwa wiki ujitese kwa vipindi vifupi vya nguvu, mwisho wa wiki utoke kwa muda mrefu, na kila wiki ya nne upunguze ili mwili ujijenge. Nilichora jedwali nikalibandika ukutani. Binti yangu akalipamba kwa maua.

Sasa chukua wiki yangu moja ya kweli. Jumatatu, mapumziko, sawa. Jumanne, dakika hamsini za kupanda kilima. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshavaa kofia ngumu, simu inaita, mhariri anataka habari ya mnada wa kahawa ifike kabla ya kikao cha asubuhi. Nikavua kofia. Jumatano, Baba anapelekwa kliniki. Alhamisi nikapata dakika arobaini, mvua ikanirudisha. Ijumaa kikao cha baraza la madiwani, kimeanza saa nne, kimeisha saa kumi na moja jioni. Jumamosi mtoto ana homa. Jumapili nikatoka saa tatu kamili, na hizo ndizo zilizoiokoa wiki. Jumla haifiki saa nne. Mpango ulitaka nane. Wiki nyingi zilikuwa hivyo, nusu ya deni, na deni halifutwi, linahamia wiki inayofuata.

Lakini kilichonichosha zaidi kilikuwa aibu. Baba yangu alikuwa mtu wa baiskeli.

Alikuwa na Phoenix nyeusi, ile ya chuma, isiyo na gia. Kwa baiskeli hiyo alishusha ndizi Bukoba na kupandisha samaki, chumvi, sabuni na mafuta ya taa, kwa miaka zaidi ya ishirini. Mikungu minne kwa safari, wakati mwingine mitano. Ukipiga hesabu ni zaidi ya kilo mia moja juu ya tairi mbili nyembamba. Kushuka na mzigo huo breki za kawaida ni mapambo. Walifunga mwendo kwa mguu, wanakanyaga tairi la nyuma kwa soli ya kandambili mpaka inanuka. Kila baada ya wiki chache Baba alikuwa ananunua kandambili moja, ya kulia tu, kutoka kwa muuzaji aliyemfahamu. Ya kushoto haikuisha. Kurudi, kile kilima chote alikisukuma kwa mguu.

Kwa kilima hicho nilisoma. Ada, sare, godoro la bweni, nauli ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vyote vilipita juu ya keria ile. Kaka zangu walifundishwa kuendesha, mimi sikufundishwa. Msichana juu ya baiskeli ilikuwa habari ya kijiji kizima. Nilijifunza pale Mlimani nikiwa na miaka ishirini na moja, nyuma ya mabweni, rafiki yangu akishika kiti na kucheka. Baba sikumwambia.

Kwa hiyo unaweza kuona nilivyojisikia nikipanda kilima kile kile kwa gia ndogo kabisa, nguo za kubana, maji yenye glukosi kwenye chupa, sina mzigo, naenda mahali ili nirudi. Nilikuwa natoka nyumbani kimya kimya, naisukuma baiskeli mpaka barabarani ndipo napanda, ili asisikie mlio wa gia. Mwanamke mzima, mama wa mtoto, natoroka nyumbani kama naenda disko.

Halafu ikaja Jumamosi ya Kyaka.

Nilikuwa nimejipangia safari ndefu, niende Kyaka hadi Mto Kagera na kurudi. Barabara hiyo ndiyo iendayo Mutukula, mpakani na Uganda, kama kilomita 80 kutoka Bukoba. Nilifika darajani kabla jua halijapanda sana, nikasimama kuangalia maji. Daraja la pale ndilo lililovunjwa na majeshi ya Idi Amin Novemba 1978, na watu wa upande wa pili wakakwama na kila walichokuwa nacho. Nilikula ndizi mbili, nikapiga picha, nikajisikia mtu wa maana. Simu nilikuwa nimeizima sauti.

Nilipoiangalia ilikuwa imepigwa mara kumi na moja. Baba alikuwa ameteleza bafuni. Dada anayetusaidia nyumbani alimwinua pamoja na jirani, akampigia kaka yangu Dar es Salaam baada ya kunikosa mimi. Kaka alipopokea simu yangu hakufoka. Ingekuwa afadhali afoke. Aliuliza tu, "Ulikuwa wapi?" Nikasema, "Kyaka." "Kikazi?" Nikanyamaza. "Kwa hiyo ulikwenda kuendesha baiskeli."

Kurudi nilitumia muda mrefu kuliko kwenda. Baba hakuvunjika kitu, alikuwa na jeraha juu ya nyusi na mkono umevimba. Alinitazama nikiwa bado nimevaa zile nguo, matope mpaka shingoni. Hakusema neno, na wakati ule hata angetaka kusema maneno yalikuwa yanamjia kwa shida. Baiskeli niliiingiza stoo, nikaifunika kwa gunia la kahawa.

Wiki tatu sikuigusa. Usiku nilikuwa nasoma habari za zamani nilizoandika, ugonjwa wetu waandishi hatukosi. Nikakutana na moja fupi ya mwisho wa Agosti 2022, niliyoitafsiri kutoka mashirika ya habari nikiwa zamu. Ilikuwa kifo cha Suleiman Kangangi, Mkenya waliyemwita Sule, nahodha wa timu ya Amani. Alianguka kwenye mbio za Vermont Overland, Marekani, tarehe 27 Agosti, akiwa na miaka 33. Aliacha mke na watoto. Mwaka mmoja kabla ya hapo wenzake wa Amani walianzisha Migration Gravel Race kule Maasai Mara, siku nne, kama kilomita 650 za changarawe, ili waendeshaji wa Afrika Mashariki wapate kushindana na wale wa Ulaya na Marekani wakiwa nyumbani, bila viza. Yote hayo niliyaandika kwa aya nne, nikaenda kununua chipsi.

Safari hii niliisoma tofauti. Sule baiskeli ilikuwa kazi yake, na alikuwa anafungua njia kwa vijana wengine. Alikuwa amebeba kitu. Mimi je? Nikajiambia basi, nimejaribu, nitaandika barua ya kujitoa, na ada ya mbio nimeichoma.

Aliyeniuliza baiskeli iko wapi ni Baba mwenyewe.

Tulikuwa barazani jioni, namlisha uji. Maneno yalikuwa yameanza kumrudia, moja moja, Kihaya kwanza, Kiswahili kikifuata nyuma. Akasema, "Lile gari lako." Sikuelewa. Akazungusha mkono wa kushoto hewani, kama mtu anayekanyaga pedali kwa mkono. Kumbe alijua siku zote. Alikuwa anasikia mlio wa gia kila alfajiri, na alikuwa anahesabu dakika mpaka nirudi.

Nikaileta. Akaikagua kwa ule mkono mmoja mzima, taratibu. Akabonyeza tairi. Akapitisha kidole kwenye mnyororo, akakinusa, akakunja uso, maana ulikuwa mkavu. Akataka nimhesabie gia. Akashika breki, akaona gurudumu linavyosimama palepale, akatikisa kichwa, nadhani alikuwa anafikiria zile kandambili. Halafu akapeleka mkono nyuma ya kiti, akapapasa mahali pasipo na kitu.

"Keria iko wapi?"

"Haina, Tata. Zinatengenezwa hivi hivi."

Akacheka. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo, lakini kilikuwa kicheko, cha kwanza tangu kiharusi. Kesho yake nikaipeleka kwa fundi pale senta. Fundi naye akacheka, akasema hajawahi kuona mtu anaharibu mali namna hii, kisha akanikatia nondo, akachomelea, akafunga kwa boliti.

Hapo ndipo mazoezi yangu yalipoanza upya, na kocha wangu akiwa kwenye kiti cha barazani. Alinifundisha kufunga mkungu kwa mpira wa tairi la ndani, kichwa cha mkungu kielekee mbele, uzito ukae katikati ya ekseli na si nyuma yake, la sivyo gurudumu la mbele linanyanyuka ukipanda. Alinifundisha kilima kwa mafungu: hapa kaa, hapa simama, hapa shuka usukume. "Usitazame juu," aliniambia. "Juu hapakuhusu bado." Na neno lililonichukua muda kulielewa: "Shuka kabla hujachoka. Ukingoja uchoke, utaanguka nayo."

Nilianza na mkungu mmoja, asubuhi za siku ambazo hata hivyo nilikuwa na kazi mjini. Nashuka nao, namwuzia mama mmoja sokoni, nafanya kazi yangu, jioni napandisha samaki au mkate au dawa za Baba. Ile saa moja niliyokuwa naiiba ikawa saa ya nyumbani. Pesa ya mkungu wa kwanza nilimkabidhi Baba mkononi. Akaihesabu mara mbili, akaniambia nimepunjwa.

Na barabarani hakuna aliyeniuliza tena. Yule mzee wa jembe siku hizi ananipungia tu. Mama mmoja alinisimamisha akasema pole sana, mume wako ameshindwa hata kukununulia nafasi kwenye pikipiki? Kila mtu na huruma yake.

Sitaki kukudanganya, msomaji, kwamba mkungu wa ndizi ni bora kuliko mpango wa wataalamu. Simu yangu, inayopima kila kitu, ilionyesha mwendo wangu unashuka wiki baada ya wiki. Goti la kushoto lilinisumbua mpaka nikapumzika siku nane. Na yapo ambayo Kashozi haiwezi kunifundisha kabisa. Kule ninakokwenda ni bonde kuu la ufa, joto la Natron linaweza kupita nyuzi 40, vumbi linaingia hadi kwenye meno. Mimi najiandaa kwa vumbi nikiwa ndani ya matope, najiandaa kwa jua chini ya migomba. Hilo nalijua na linaniogopesha. Lakini Jumapili moja nilifungua boliti, nikaiacha keria nyumbani, nikapanda kilima kile kutoka ziwani hadi Kashozi bila kushusha mguu. Nilipofika juu nilitazama nyuma kuhakikisha ni chenyewe.

Safari ndefu nazo zimerudi, ila kwa sheria. Simu ina sauti. Jirani anajua niko wapi. Na kaka yangu, baada ya simu kadhaa ambazo sitazisimulia hapa, amekubali kuchukua likizo aje akae na Baba wiki ya mbio. Alisema, "Sielewi unachotafuta, lakini nenda." Nilimwambia na mimi sielewi vizuri. Huenda ndiyo mara ya kwanza tumekubaliana tangu Mama afariki.

Juzi nilimweleza Baba njia yote kwa kutumia ramani ya kitabu cha shule cha binti yangu. Hapa Kilimanjaro, hapa tambarare, hapa tunashuka bondeni, hapa ziwa. Alifuata kwa kidole. Alipofika Natron akauliza kama kuna soko.

"Hakuna, Tata. Kuna ziwa la chumvichumvi na ndege wekundu."

"Watu wanafuata nini?"

"Hawafuati kitu. Wanafika tu."

Akakaa kimya muda mrefu. Nikaogopa, maana nilikumbuka yule mzee wa jembe. Binti yangu akaingilia, akasema mwalimu amewaambia Natron kuna magadi. Uso wa Baba ukafunguka. Magadi anayajua. Mama alikuwa anayatia kwenye maharage makavu yaive upesi.

"Basi," akasema, "uniletee magadi."

Keria nitaiacha Kashozi, waandaaji wa mbio wasije wakanishangaa. Lakini mfuko wa nyuma wa jezi nimeupima, unaingia kifuko cha kitambaa cha ukubwa wa ngumi mbili. Nikimaliza nitakuwa nimetoka nacho Natron. Nisipomaliza, nitapanda gari la wanaoshindwa, nitamwomba dereva asimame kando ya ziwa dakika tano, nichote. Nyumbani sirudi mikono mitupu.